Je, Wajua? Volkano Iliyoipa Uvira Mto

Je, wajua kwamba maji ya Ziwa Kivu, haya yanayopita Kamanyola na kuingia Tanganyika jirani na Uvira, zamani yalikuwa yakienda Misri?

Wakati huo hapakuwa na Ruzizi ya kuyaleta huku. Wanajiolojia wanaeleza kwamba bonde la Kivu liliinamia kaskazini: maji yakashuka hadi Ziwa Edward, yakafuata mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo yakawa Nile. Kisha volkano za Virunga zikaanza kujijenga kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, lava juu ya lava, hadi zikaliziba bonde zima kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Maji yakakosa pa kupitia. Yakajaa, yakapanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita yakapata upenyo kusini, pale ilipo Bukavu leo, yakaporomoka kuelekea Tanganyika. Huo ndio Ruzizi: mto wa kilomita zipatazo 117 tu, lakini unashuka karibu mita 690. Kutoka Tanganyika maji hayo hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, na huishia Bahari ya Atlantiki. Virunga iliinyang'anya Nile maji, ikayakabidhi Kongo.

Kwa hiyo mtu wa Uvira hana haja ya kusafiri ili akutane na volkano. Sehemu kubwa ya chumvichumvi zilizoyeyuka katika Ziwa Tanganyika huletwa na Ruzizi, na Ruzizi imezitoa Kivu, ambako maji yamekaa juu ya miamba ya lava kwa maelfu ya miaka. Hata taa za nyumbani zina deni huko. Mitambo ya Ruzizi I, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, ya mwaka 1989, ilijengwa pale mto unapoporomoka kutoka Kivu, na umeme wa Uvira hutoka huko, siku unapotoka.

Waliokuja kuuliza mto unaelekea wapi

Mwezi Aprili 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, kusema kwenyewe kwa shida. Alitafuta mto unaotoka ziwani kwenda kaskazini, maana angeupata angejitangaza kuwa ameipata chemchemi ya Nile. Wenyeji wakamjibu bila kusitasita kwamba Ruzizi inaingia, haitoki. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele zaidi kwa kuwahofia watu wa huko, na safari ikaishia hapo hapo Uvira.

Ubishi uliendelea Ulaya kwa miaka 13 zaidi. Novemba 1871 wasafiri Stanley na Livingstone wakapanda mtumbwi Ujiji, wakafika mlangoni mwa mto, wakaona kwa macho yao mkondo ukiingia ziwani. Jibu lilikuwa lilelile ambalo Burton alipewa bure pwani ya Uvira, ila safari hii lilitoka kinywani mwa wageni, likaaminika. Nami namhurumia Burton kidogo: wazo lake la Nile halikuwa upuuzi mtupu. Alikosea ziwa, na alichelewa miaka elfu kumi.

Mohi na Nyiragongo

Ukisimama bandarini Kalundu ukatazama magharibi, milima ya Mitumba imeinuka nyuma ya nyumba za mwisho za mji, haina subira. Je, wajua kwamba Mohi, kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya Itombwe, kina urefu wa mita zipatazo 3,475, na Nyiragongo, mlima wa moto unaojulikana dunia nzima, una mita 3,470? Mmoja wageni waliulipia mamia ya dola kuupanda. Mwingine hata jina lake halijulikani Kinshasa.

Tofauti ni ukoo. Mohi haujawahi kutema moto. Huo ni mwamba wa kale ulioinuliwa pembeni wakati sakafu ya Bonde la Ufa ikididimia, na kudidimia huko ndiko kulikoipa Tanganyika kina cha mita 1,470, kina kinachopitwa na ziwa moja tu duniani, Baikal la Urusi. Nyiragongo ulijijenga wenyewe kwa matapishi yake. Uko kilomita zipatazo 200 kaskazini mwa Uvira, ndani ya ufa huo huo.

Karibu zaidi, katika jimbo hili hili la Kivu Kusini, kuna Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega wenye mita 2,790, ambayo UNESCO huitaja kuwa volkano zilizozimika. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya gorila wa nyanda za chini za mashariki, na aliyetaka kufika kilele cha Kahuzi alipita kwenye mianzi akarudi siku hiyo hiyo.

Ama kupanda milima, watu wa huku wanakujua. Wafugaji na wachuuzi wa nyanda za juu hupanda miinuko ya Mitumba kwa miguu, mzigo kichwani au mgongoni, mvua iwepo isiwepo. Hakuna anayewapa cheti wakifika.

Njia ya Kibati

Aliyetoka Uvira kwenda kupanda Nyiragongo alikuwa na safari ndefu kabla hajafunga kamba za viatu: uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola, kona za Ngomo hadi Bukavu, halafu boti juu ya Kivu hadi Goma. Na kwa kuwa Uvira iko mita 773 tu juu ya bahari, kilele kiko mita 2,700 juu ya kitanda chake.

Njia yenyewe huanzia kituo cha askari wa hifadhi cha Kibati, kaskazini mwa Goma, kwenye mita 1,900 hivi. Haizidi kilomita 8, ila inakula saa nne hadi sita. Mwanzoni ni msitu na udongo mweusi unaoteleza. Kisha unaingia kwenye lava ya mlipuko wa mwaka 2002: mawe meusi mepesi, yenye matundu, yanayoviringika chini ya soli na kuitafuna raba. Hapo ndipo wengi waligundua kwamba viatu walivyoviazima havifai. Juu zaidi kuna Shaheru, kasoko la zamani kwenye ubavu wa kusini lililokwisha kuota majani. Kando yake nyufa za 2002 zilifunguka, na asubuhi ya baridi mvuke huonekana ukitoka ardhini. Baada ya hapo miti hukoma, hubaki vichaka na lobelia ndefu, na kipande cha mwisho ni mwinuko ambako watu walishika mawe kwa mikono ili wapande.

Mvua hunyesha huko wakati wowote, lakini maji ya kunywa hakuna. Lava ina matundu mno, kila tone huzama, kwa hiyo mlima mzima hauna kijito. Maji, chakula, makaa, nguo za baridi, vyote vilipanda mgongoni mwa wapagazi. Ukingoni mwa kasoko vilijengwa vibanda vidogo vya kulala, na usiku baridi hukaribia kugandisha. Hewa ya huko ina uzito wa theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Anayetaka kupika maharagwe makavu juu ya Nyiragongo ajiandae kungoja. Yatachemka, kuiva ni habari nyingine.

Chini ya ukingo huo kuna shimo lenye upana wa kilomita moja na zaidi, na ndani yake, kwa miaka mingi, lilikuwepo ziwa la lava kubwa kuliko yote duniani. Mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff aliliona mwaka 1948 na akarudi tena na tena, akiteremka hadi ndani ya kasoko. Aliyelala ukingoni aliona ganda jeusi likipasuka, nyuma yake mistari myekundu, halafu ganda jipya. Usiku wekundu wake ulimulika mawingu, na watu wa Goma waliuona wakiwa vitandani.

Safari hizo zimesimama. Zilifungwa mwaka 2018 baada ya watalii wawili wa Uingereza kutekwa na askari wa hifadhi aliyekuwa nao kuuawa, zikafunguliwa mwanzoni mwa 2019, zikafungwa tena Machi 2020 kwa sababu ya korona. Kisha mlima ukalipuka mwaka 2021, kisha waasi wa M23 wakarudi vitani, na Januari 2025 wakaitwaa Goma. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Hifadhi ya Virunga, ulimo mlima huu, idadi ambayo sijui hifadhi nyingine inayoikaribia. Ni hifadhi ya kwanza ya taifa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Imeorodheshwa miongoni mwa urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994. Upande wa Rwanda bado watu hupanda volkano za safu hiyo hiyo: Bisoke kwa siku moja, Karisimbi, mrefu kuliko zote kwa mita 4,507, kwa siku mbili.

Lava inayokimbia

Lava nyingi duniani hutambaa, na mtu mzima huikimbia kwa kutembea. Ya Nyiragongo si hivyo. Ina silika kidogo mno, na silika ndiyo inayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo hii humwagika kama uji uliozidi maji. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa zima la lava likamalizika kwa muda usiofika saa moja, likiteremka kwa kasi iliyokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Si chini ya watu 70 waliuawa. Kundi la tembo nalo lilifikiwa porini. Miili ikateketea, na lava iliyoganda kuizunguka ikabaki na mashimo yenye umbo la tembo.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka kutoka Shaheru hadi mjini. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walikosa makao. Waliorudi walijenga juu yake: ukitembea Goma leo, uzio wa mawe meusi unaouona ni lava hiyo hiyo iliyopasuliwa kwa nyundo. Jioni ya Mei 22, 2021 ikashuka tena, ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, baada ya kuua watu wapatao 32. Siku tano baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe kwa hofu kwamba magma ilikuwa imepenya chini ya mitaa na chini ya ziwa. Wengine walikimbilia Sake, wengine Rwanda, na wengine walipanda boti hadi Bukavu.

Na kwa wanaodhani lava zote ni moja: Ol Doinyo Lengai wa Tanzania hutoa lava ya nyuzi 500 na kitu, baridi kuliko zote zinazojulikana, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya kukutana na unyevu wa hewa. Ya Nyiragongo huzidi nyuzi 1,000.

Mazuku

Je, wajua kwamba kuna sehemu karibu na Goma na Sake ambako mbuzi hufa amesimama kwenye nyasi nzuri, bila alama wala kelele? Wenyeji huziita mazuku. Kinachoua ni gesi ya ukaa inayovuja kutoka kwenye nyufa za volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapolala. Haina rangi, na mtu hawezi kuinusa akaitambua. Mtu mrefu anaweza kupita akahisi kizunguzungu tu, ilhali mbwa aliye naye, au mtoto anayemfuata nyuma, amekwisha anguka. Watu wamepoteza maisha mahali pa chini kama hapo. Aliyekulia huko akiona panzi na ndege wamelala wamekufa shimoni, hashuki kuwaokota.

Wapagazi ishirini

Vitabu vya Wazungu humtaja Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894 na baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Humtaja pia Carl Akeley, Mmarekani aliyefia kwenye mteremko wa mlima Mikeno mwaka 1926 na kuzikwa huko. Dian Fossey naye alianza utafiti wake wa gorila upande wa Kongo, Kabara, Januari 1967, kabla machafuko hayajamhamishia Rwanda mwaka huo huo.

Tukio linalonikaa moyoni ni la mwaka 1908. Mjiolojia Egon Kirschstein, wa msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, aliwapandisha wapagazi Karisimbi, na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe ikawakuta juu. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Walikuwa watu wa nchi ya joto wenye nguo za nchi ya joto, wamebeba masanduku ya mtu mwingine, na karibu vitabu vyote vimewahesabu bila kuwataja hata mmoja kwa jina.

Samaki aliyepandishwa

Kivu ni ziwa lililozaliwa kwa volkano, na samaki wake wa asili ni wachache. Katikati ya maji yake hakukuwa na dagaa wa kula vijidudu vinavyoelea. Samaki wa Tanganyika wasingeweza kupanda wenyewe, kwa kuwa maporomoko ya Ruzizi yanawazuia. Basi kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji wakachukua vifaranga vya dagaa wa aina mbili wa Tanganyika, ndagala na lumbu, wakavimwaga Kivu. Ndagala hakustawi. Lumbu alistawi, akapata jina jipya, sambaza, na leo ndiye anayekaangwa kila kona ya Bukavu na Goma.

Kwa hiyo mtu wa Uvira anayekula sambaza Goma anakula jamaa wa samaki wa kwao. Mpishi wa Goma atakwambia sambaza ni mtamu zaidi. Wa Uvira hawezi kukubali hilo, na mimi nipo upande wa Uvira: ndagala wa usiku usio na mwezi, waliovuliwa kwa taa na kuanikwa asubuhi kabla nzi hawajaamka, hawana mshindani.

Moto chini ya mitumbwi

La mwisho, na hili wengi wa mwambao hawalijui. Mwaka 1987 watafiti waligundua chemchemi za moto chini ya maji upande wa magharibi wa Tanganyika kaskazini, kusini mwa Uvira, katika sehemu mbili: Pemba, na rasi ya Banza kwenye peninsula ya Ubwari. Hazitoki kwenye volkano. Maji ya ziwa huzama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, hupashwa moto na miamba ya chini, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba madini. Pemba yamepimwa nyuzi 53 hadi 88, na huko yameacha lundo la salfidi za metali kwenye sakafu ya ziwa. Banza yamefikia nyuzi 103, nayo yamejenga mabomba ya mawe meupe yanayofika sentimita 70 kwa urefu, yamesimama wima chini ya mitumbwi ya wavuvi. Nyuzi 103, na bado hayachemki: uzito wa maji yaliyo juu yake hauyaruhusu.